Sarufi ya Hisani: Mpokeaji na Haki ya Kukataa

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii husikika sana katika hafla za harambee, makanisani, misikitini na katika vijitabu vya mashirika ya misaada, na aghalabu msemaji wake ni yule anayetoa au anayewahimiza wengine watoe. Ajabu ni kwamba hazina ya methali za Kiswahili imemtunza vyema mtoaji, ilhali mpokeaji hana bahati humo. Husutwa kwamba mfadhili mbuzi, binadamu ataudhi. Huonywa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Akibahatika kupata, huchekwa kwamba maskini akipata matako hulia mbwata; na hata kuokota hakuruhusiwi, kwani maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Ni nadra kukuta methali ambamo anayepokea anasema neno lake mwenyewe.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza fikra na tunu zinazoongoza shirika moja la kimataifa la misaada, GiveDirectly, ambalo limefanya sehemu kubwa ya kazi yake katika vijiji vya Siaya, Homa Bay na Bomet. Shirika hili limeteuliwa kwa sababu linadai kumrudishia mpokeaji heshima ambayo misaada ya kawaida humnyima. Dai hilo ni zito na linastahili kupimwa. Wachumi wamekwisha kulipima kwa vipimo vyao, na matokeo yao yatatajwa hapa chini. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana kipimo ambacho wachumi hawakizoei, nacho ni sarufi.

Chukuliwe mfano wa sentensi inayopatikana kwa urahisi katika mabango yaliyosimikwa kando ya barabara za mashambani: shirika fulani limewachimbia wanakijiji kisima. Kiima ni shirika. Shamirisho kipozi ni kisima. Wanakijiji wamewekwa katika nafasi ya shamirisho kitondo, yaani tendo linafanywa kwa ajili yao ila wao wenyewe hawatendi. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na huenda hata ni ya kweli; kisima kipo na maji yake ni matamu. Lakini hebu isomwe ripoti nzima ya mwaka ya shirika la aina hiyo. Maskini humo wanahamasishwa, wanashirikishwa, wanaelimishwa, wanawezeshwa. Kurasa hamsini zinaweza kwisha kabla hawajatenda lolote.

Istilahi mbili zinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Ya kwanza ni walengwa. Neno hili limetokana na kitenzi lenga, ambacho ni kitenzi cha mwindaji na mpiga mishale. Anayelengwa kwa kawaida hukimbia. Kwamba neno hilo limekubalika katika warsha na semina bila mtu kucheka ni ushahidi kuwa masikio yamezoea. Istilahi ya pili ni uwezeshaji. Kitenzi weza kinapotiwa katika kauli ya kutendesha, maana yake ni kwamba uwezo hauzuki ndani ya mtu, bali kuna mwingine anayeusababisha. Kinapofika wezeshwa, kimekwisha kubeba kiambishi cha usababishi na cha utendwa kwa pamoja, mizigo miwili juu ya mzizi mdogo -wez-. Mtu huyo hawezi, anawezeshwa. Na siku aliyemwezesha akifungasha virago, sarufi haisemi kitakachobaki.

Atakuwepo wa kusema kwamba hizi ni istilahi tu, zilizotafsiriwa haraka haraka kutoka Kiingereza cha ofisini, na kwamba kuzichambua hivi ni kumwonea mtafsiri. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tafsiri ilikuwa ya haraka, lakini haikupotoka. Wazo lililokuwamo katika lugha chanzi lilivuka salama salimini, na katika mnyambuliko wa vitenzi vya Kibantu likajianika waziwazi kuliko lilivyokuwa limejificha katika Kiingereza. Viambishi vya Kiswahili havijui kuficha siri.

Katika mazingira hayo ndipo lilipozuka wazo la GiveDirectly. Shirika hili liliasisiwa na wanafunzi wa uchumi waliokuwa wakisomea shahada za juu katika vyuo vikuu vya Harvard na MIT nchini Marekani (jambo la kuwatia moyo wale wanaoambiwa kila siku kwamba tasnifu zao zitaishia kabatini). Mnamo mwaka wa 2011 lilifungua milango kwa wachangiaji wa umma, na Kenya ndiyo iliyokuwa uwanja wake wa kwanza. Sababu ya kuichagua Kenya inaeleweka: huduma ya M-Pesa ilikuwa imezinduliwa mwaka wa 2007, na kwa mara ya kwanza katika historia ilikuwa rahisi kumtumia mtu wa kijijini fedha bila kupitia kwa chifu, mwenyekiti wa kamati, mhasibu wa mradi na jamaa wengine wote ambao mikono yao huwa na utelezi. Maafisa wa shirika hufika kijijini, huitisha baraza, huandikisha familia, hurudi kuhakikisha, kisha fedha huingia katika simu. Katika mpango uliojulikana zaidi, kila familia ilipewa takriban dola 1,000 za Kimarekani kwa awamu. Hakuna masharti. Hakuna semina ya siku tatu. Hakuna anayerudi kuuliza risiti.

Tunu iliyo nyuma ya utaratibu huo inaweza kuelezwa kwa ufupi: maskini anajua analolihitaji kuliko anayemtazama kutoka mbali. Wazo hilo linakinzana na msemo unaopendwa sana na wahubiri wa maendeleo, kwamba heri kumfunza mtu kuvua kuliko kumpa samaki. Msemo huo umetamkwa mara nyingi kandokando ya Ziwa Viktoria, mbele ya watu ambao babu zao walivua katika Nam Lolwe kabla ya meli yoyote ya mgeni kuonekana. Jaluo wa ufuoni hafunzwi kuvua. Kama ana upungufu, ni wa wavu, wa injini ya mashua au wa karo ya mtoto. Msemo wa samaki unadhania kwamba umaskini ni ujinga, na GiveDirectly inashikilia kwamba umaskini ni kukosa fedha. Tofauti baina ya fikra hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani anayemwona maskini kuwa mjinga hujipa mara moja cheo cha mwalimu.

Si haki, hata hivyo, kuyatia mashirika mengine yote katika kapu moja. Heifer International, lililotokana na juhudi za mkulima Mmarekani Dan West wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hutoa mifugo, na lina kanuni ambayo haina budi kusifiwa: aliyepewa mtamba hana budi kumkabidhi jirani yake ndama jike wa kwanza atakayezaliwa. Kwa kanuni hiyo mpokeaji wa leo anakuwa mtoaji wa kesho, na aibu ya kupokea inapungua. Wafugaji wengi wa jadi wa Afrika Mashariki, ambao wana desturi za kuazimana na kuwekeana ng'ombe, wangeitambua kanuni hiyo bila kuhitaji mkalimani. Lakini hata hapo, ng'ombe amekwisha kuchaguliwa na mwingine. Mjane aliyetaka cherehani atapewa ng'ombe, na itambidi amtafutie majani.

Je, maskini aliyeaminiwa na fedha taslimu alifanya nini nazo? Ile methali ya matako na mbwata ingetabiri pombe na fujo. Utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro (huyu wa pili akiwa mmoja wa waasisi wa shirika lenyewe, jambo ambalo msomaji makini atalizingatia), uliofanywa Rarieda na kuchapishwa mwaka wa 2016, haukuona ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku. Ulichoona ni chakula zaidi, mifugo zaidi, na mapaa ya nyasi yaliyogeuka kuwa ya mabati. Utafiti mkubwa zaidi ulifuata katika vijiji 653 vya Siaya, ambako familia zaidi ya 10,500 zilipokea fedha hizo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2022, yalionyesha kwamba kila dola moja iliyotolewa ilizaa shughuli za kiuchumi za takriban dola mbili na nusu katika eneo hilo, na kwamba hata familia ambazo hazikupewa chochote zilinufaika, ilhali bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Mnamo mwaka wa 2025 watafiti waliorejelea vijiji hivyohivyo walitangaza jambo lililo zito zaidi: katika familia zilizopokea, vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu.

Mbele ya takwimu ya namna hiyo, uchambuzi wa viambishi unaweza kuonekana kama mchezo wa watu walioshiba. Mtoto aliyepona hajali kama mamaye alikuwa kiima au kitondo. Ndiyo maana ni muhimu kusema wazi kwamba kazi ya shirika hili ni njema na kwamba kwa kiwango kikubwa dai lake ni la kweli. Lenyewe halipendi kuwaita watu walengwa. Huwaita wapokeaji, na kumtanguliza mpokeaji ni miongoni mwa tunu linazojitangazia. Kisarufi hilo ni badiliko la maana. Mpokeaji ni nomino iliyotokana na kitenzi pokea katika kauli yake ya kutenda. Katika matumizi ya Waswahili, kupokea ni tendo la heshima na la mwenyeji: mgeni afikapo hupokewa mzigo wake mlangoni, na wenzi wa safari ndefu hupokezana mizigo njiani. Anayepokea amesimama kwa miguu yake. Baada ya kupokea, mpokeaji wa Siaya alinunua, alijenga, alilipa karo, aliweka akiba, alifungua kibanda cha biashara. Mlolongo huo wa vitenzi vya kutenda haupatikani katika ripoti za uwezeshaji.

Kipimo cha kweli cha tunu hiyo, hata hivyo, kilikuja kwa kitenzi kimoja ambacho shirika halikukitarajia. Kitenzi hicho ni kataa.

Shirika lilipopanua shughuli zake hadi Homa Bay, lilikumbana na jambo ambalo lililieleza lenyewe hadharani mwaka wa 2016. Takriban asilimia 45 ya watu waliofikiwa huko walikataa kuandikishwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha hizo zilihusiana na ibada za shetani au vikundi vya siri. Shirika lilieleza pia kwamba mashirika mengine yaliyofanya kazi katika eneo hilo yalikuwa yamekutana na upinzani wa aina hiyohiyo. Waandishi wengi wa habari waliosimulia kisa hiki walikichukulia kama kichekesho, au kama kielelezo cha ushirikina: maskini anayekataa dola 1,000 kwa kumwogopa shetani.

Masimulizi hayo yanawakosea watu wa Homa Bay, na mtu aliyesomea fasihi hapaswi kuyaridhia. Kwanza, historia. Nchini Kenya shaka ya ibada za shetani haikuanzia kijijini. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume rasmi, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza suala hilohilo. Jambo ambalo Ikulu ililiona linastahili tume haliwezi kugeuzwa kuwa upumbavu wa mkulima. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, uvumi ni utanzu wa masimulizi na una mantiki yake. Katika ngano za jamii nyingi za Afrika Mashariki, zawadi kubwa itolewayo na mtu asiyejulikana, bila sababu na bila kudai chochote, huwa ni mtego: zimwi ndilo litoalo bure, na bei hujulikana baadaye. Wakazi wa Homa Bay walisimuliwa hadithi yenye mhusika aliyekosekana. Waliambiwa kwamba kuna fedha, kwamba si mkopo, kwamba si za serikali, kwamba hazina masharti. Hawakuambiwa kwa namna ya kuridhisha ni nani anayetoa na anapata nini. Wakaijaza nafasi hiyo tupu kwa mhusika waliyemfahamu. Mhakiki yeyote wa fasihi simulizi angefanya vivyo hivyo.

Na tuseme ukweli ulivyo, je, walikosea sana? Shetani hakuwepo, hilo ni wazi. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mtoaji alilihitaji kutoka kwao: maarifa. Miradi mingi ya awali ilikuwa tafiti pia. Vijiji viligawanywa kwa kura baina ya vile vitakavyopewa na vile vya kulinganishia, na wakazi walihojiwa kuhusu mlo wao, madeni yao, furaha yao, ugomvi wa ndoa zao. Fedha hazikuwa na masharti, lakini hazikuwa bila makusudio. Mtu anayehisi kwamba anatazamwa, kisha akauliza anatazamwa na nani, hajapotoka sana.

Hapa ndipo kasoro ya fikra za shirika hili inapojitokeza. Limemwachia maskini uamuzi wa namna ya kutumia fedha, na hilo ni jambo kubwa. Halikumwachia uamuzi wa nani apewe. Katika miaka ya mwanzo, dalili ya umaskini ilikuwa paa: mwenye nyumba ya nyasi aliandikishwa, mwenye mabati aliachwa. Kigezo hicho ni rahisi kukikagua, na urahisi huo ndio uliowavutia wachumi. Kwa mwanakijiji ni kigezo cha ajabu. Mjane aliyeezekewa mabati na marehemu mumewe miaka kumi iliyopita, na ambaye leo analala njaa, si maskini. Kijana mwenye mifugo ambaye hajajali kubadilisha paa ni maskini. Na aliyejinyima miaka mitatu ili anunue mabati yake machache ameadhibiwa kwa bidii yake. Baraza lolote la wazee, au kikundi chochote cha akina mama cha kuzungushiana fedha, lingeweza kuwataja wahitaji wa kweli kabla jua halijatua. Lingekuwa na upendeleo wake, bila shaka, na shirika lina haki ya kuuhofia. Lakini kusema kwamba maskini anajua mahitaji yake, kisha kukataa kwamba anamjua jirani yake, ni kumwamini nusu. Utafiti mwingine uliotokana na mradi wa Rarieda ulionyesha mwaka wa 2015 kwamba majirani walioona wenzao wakitajirika ghafla walipungukiwa na ridhaa ya maisha. Paa jipya la mabati hung'aa, na linamwangaza pia aliyenyimwa.

Ni vyema kukiri kwamba shirika lilijifunza. Katika jaribio lake kubwa la baadaye, kila mtu mzima katika kijiji kilichoteuliwa alipewa, na suala la paa likaondoka. Jaribio hilo lilihusisha vijiji 295 vya Siaya na Bomet. Vijiji 44 vilipangiwa malipo ya kila mwezi ya takriban dola 22 na nusu kwa kila mtu mzima kwa muda wa miaka 12. Vijiji 80 malipo hayohayo kwa miaka miwili. Vijiji 71 fedha zote kwa mkupuo mmoja. Na vijiji 100 havikupangiwa chochote, ili viwe vya kulinganishia. Msomaji asiipite haraka nambari hiyo ya mwisho. Kisayansi inaeleweka, kwani bila ulinganisho hakuna anayeweza kudai kwamba fedha ndizo zilizoleta nafuu. Fedha pia hazikutosha wote, na kura ni ya haki kuliko upendeleo. Lakini wakazi wa vijiji hivyo 100 hawana jina katika msamiati wowote wa hisani. Si wapokeaji, si walengwa, si wafadhiliwa. Wanachotoa ni taarifa za umaskini wao, na wanazitoa bure. Kama ipo methali ya kutoa bila utajiri, inawahusu wao zaidi kuliko mfadhili yeyote wa Marekani.

Kuna hoja nyingine inayosikika sana katika kumbi za mihadhara, ile ya utegemezi. Said Ahmed Mohamed aliishughulikia kwa kejeli kali katika tamthilia yake Amezidi, ambamo Ame na Zidi wameikabidhi misaada maisha yao hadi wamesahau kutenda. Kejeli hiyo ilielekezwa zaidi kwa mataifa na viongozi wanaobembea juu ya mikopo na ruzuku, na ingali inauma. Lakini kuihamisha kama ilivyo na kumbandika mama wa Rarieda ni kuisoma vibaya kazi ya fasihi. Matokeo ya awali ya jaribio la Siaya na Bomet, yaliyotolewa mwaka wa 2023, hayakuonyesha kwamba watu waliacha kufanya kazi. Waliopewa fedha kwa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 walifungua biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Ame na Zidi hawakuonekana huko. Huenda watafutwe katika ofisi zenye vizuia-jua madirishani.

Kinachostahili kuhofiwa zaidi si uvivu wa mpokeaji bali usahaulifu wa dola. Utafiti ule wa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba watoto walipona zaidi katika familia zilizoishi karibu na vituo vya afya vyenye daktari. Fedha zilimfikisha mama hospitalini, lakini hospitali ilitakiwa iwepo kwanza, na hakuna mwanakijiji anayeweza kuajiri daktari kwa dola 1,000. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya huduma za afya na ya hifadhi ya jamii. Neno lililotumika humo ni haki. Serikali yenyewe, kupitia mpango wa Inua Jamii, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo mara nyingi huchelewa na ambazo ni haba mno. Hata hivyo mzee anayezisubiri ana jambo ambalo mpokeaji wa GiveDirectly hana: anaweza kulalamika. Haki ikichelewa hudaiwa. Hisani ikichelewa husubiriwa kwa adabu. Shirika la Marekani la USAID lilipofungwa mwaka wa 2025, miradi ilikatika katikati nchini Kenya, na hapakuwa na mahakama yoyote ya Kenya ambayo mgonjwa aliyekosa dawa angeiendea kumshtaki mpiga kura wa nchi nyingine.

Jambo moja zaidi linafaa kutajwa kwa sifa. Mwaka wa 2023 GiveDirectly ilitangaza kwamba zaidi ya dola 900,000 zilikuwa zimeibwa katika mradi wake wa Kivu Kusini nchini Kongo, na kwamba wafanyakazi wake wenyewe walihusika. Mashirika mengi yangelifunika jambo hilo kwa maneno ya ofisini. Hili lilisema wazi. Walioibiwa walikuwa watu wa Kivu, eneo ambalo Kiswahili kinazungumzwa sokoni na nyumbani, na kosa lilitokea pale ambapo, kwa sababu ya umbali na ukosefu wa usalama, wafanyakazi walikabidhiwa kazi ya kuwaandikishia watu laini za simu. Kwa maneno mengine, fedha zilipotea mara tu mpokeaji alipoacha kuishika simu yake mwenyewe.

Makala ya kitaalamu yaliyotajwa hapa yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Wanavijiji wa Siaya wamo humo kama safu za nambari. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zinalalamika kila mwaka kuhusu uhaba wa mada za tasnifu katika tafsiri na isimujamii, na kazi hii ipo mlangoni: kuyatafsiri matokeo kwa Kiswahili kinachoeleweka barazani, na kwa Kijaluo na Kikalenjin kwa ushirikiano na wenye lugha hizo, kuyasoma mbele ya waliohojiwa, kisha kuandika watakayoyauliza. Muda upo, ingawa si mwingi. Malipo katika kijiji cha majaribio kilichotangulia mwaka wa 2016 yanafikia kikomo chake mwaka wa 2028, na vijiji 44 vya miaka 12 vinafuata karibu mwaka wa 2030. Huenda baraza lenye maswali mengi zaidi likawa katika mojawapo ya vile vijiji 100.